Flashi ya mwalimu kutoka Kalya

Mwaka 2013 nilikuwa nachapa kazi za watu kwenye steshenari moja pale Mwanga, Kigoma. Asubuhi moja akaingia mwalimu wa makamo, ametoka Kalya kwa boti, flashi kaifunga kwenye nailoni isipate maji ya ziwa. Humo mlikuwa na alama za darasa la saba za muhula mzima, na alitakiwa azikabidhi siku hiyo hiyo.

Nilipoichomeka, folda zote zilikuwa shotikati, yaani njia za mkato tu zisizo na kitu ndani, kila moja kilobaiti 1. Bosi akachungulia. "Piga fomati, akaandike upya." Mwalimu akaketi kwenye benchi, kimya. Mpaka leo naudhika nikisikia fundi anakimbilia kufomati kabla hajaangalia.

Maana flashi ilionyesha imejaa zaidi ya nusu. Sasa kilichoijaza ni nini? Nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika cmd, dirisha jeusi likafunguka. Nikaandika dir /a G:\ ambayo huorodhesha hata vilivyofichwa; G ni herufi ambayo kompyuta iliipa flashi ile. Folda zake hizo hapo! Kirusi kilizificha tu, kikaweka shotikati zake mahali pake.

Nikajaribu attrib -h peke yake, amri ya kuondoa alama ya kuficha. Kompyuta ikagoma, ikasema haibadili faili la mfumo. Hapo ndipo nilipoelewa: kirusi kilibandika alama mbili, h ya kuficha na s ya mfumo, na s isipoondolewa, h haing'oki. Nikaandika tena, polepole, nikiangalia kila nafasi:

attrib -h -r -s G:\*.* /s /d

Ile r huzuia kuhariri. /S huipeleka amri mpaka folda za ndani, na /d huzigusa folda zenyewe. Amri hii ikifaulu haisemi neno. Tukabaki tunatazama kioo, mimi na mwalimu, naye kashainuka kwenye benchi.

Nilipofungua flashi tena, akasoma kwa sauti: "Hisabati. Sayansi. Kiswahili." Akanishika bega. "Ahsante, mwanangu."

Nikazifuta zile shotikati bila kuzifungua, tukachapa haraka kabla umeme haujakatika. Akasema, "Niandikie hayo maneno. Kule hakuna wa kumuuliza." Nikamwandikia kwa kalamu, kila penye nafasi nikaweka mstari mwekundu. Akaikunja karatasi, akaitia kwenye nailoni ile ile pamoja na flashi, akafunga fundo.