Shaba ya Wenzetu

Babu mzaa mama alikuwa na kinyongo na stesheni ya Mbeya. Sikukijua mpaka siku tulipokwenda kumpokea mjomba, aliyekuwa migodini Kitwe huko Zambia. Nilikuwa darasa la tano. Tulidandia lori la tumbaku kutoka Chunya, tukapanda milima hadi Kawetire, meno yakigongana kwa baridi, ndipo tukateremka mjini na kushika njia ya Iyunga.

Babu alikuwa mtu wa Rungwe aliyekwenda Chunya akiwa kijana, kufuata dhahabu ya Lupa. Dhahabu hiyo iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na miaka ya 1930 watu wakaifuata kutoka kila upande, Wazungu wenye vitalu na vijana wetu wenye sururu. Mbeya yenyewe ilikua kwa sababu yake. Baadaye babu alifanya kazi Saza hadi mgodi ule ulipofungwa mwaka 1956. Kwa hesabu zake, mji ule ulikuwa na deni lake.

Stesheni ilinishangaza. Sijawahi kuingia kwenye ukumbi mkubwa namna ile. Nikapiga mluzi ili niusikie ukirudi, babu akanifinya sikio. Nje akina mama walikuwa wakiuza ndizi mbivu na mahindi ya kuchoma. Treni ya abiria ilikuwa bado, ila ya mizigo ilikuwa imesimama, imetoka Zambia, mabamba ya shaba yamepangwa kwenye mabehewa ya wazi. Babu aliyatazama bila kusema kitu, mfanyakazi mmoja wa reli akamwona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hii yote ni shaba?"

"Yote. Inakwenda bandarini."

"Sisi tulitoa dhahabu miaka na miaka," babu akasema. "Dhahabu, mwanangu! Hakuna aliyetuletea hata kipande cha reli. Tumetembea kwa miguu milima ile mnayoiona. Leo shaba ya wenzetu inapita hapa imekaa kama bibi harusi."

Yule kijana akacheka, kwa adabu lakini. "Mzee, dhahabu yenu ya mwaka mzima si ingeingia kwenye lori moja? Reli ya nini? Shaba hii bila treni itakaa kule mpaka wajukuu wako wazeeke."

"Dhahabu ilikuwa nyepesi, sawa. Na sisi tulioichimba? Sisi pia tulikuwa wepesi?"

Kijana akakosa la kujibu, akajifanya ameitwa.

Nimeurudia ubishi ule kichwani mara nyingi, na naona kijana naye alikuwa na nusu tu ya jibu. Shaba ya Zambia ilikuwa nzito tangu zamani, na ilikuwa na njia zake, nyingine zikipita kusini kupitia Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Kilicholeta reli hii ya TAZARA ni siasa: mwaka 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith huko Rhodesia ilijitangazia uhuru wake, na Kaunda, rais wa Zambia, akawa anapitisha mali ya nchi yake mikononi mwa mahasimu. Yeye na Nyerere walibisha hodi nchi za Magharibi wakaambiwa reli hiyo hailipi. China ikakubali kutoa mkopo usio na riba. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na mwaka 1976 reli ikakabidhiwa rasmi, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Mahandaki mengi yako kati ya Mlimba na Makambako, na sehemu ya juu kuliko zote iko hapo Uyole. Chunya haikuwa na Smith wa kuitisha reli. Ilikuwa na kina babu tu, na hao hawakumtia mtu hofu.

Treni ya abiria ilipoingia, mjomba aliteremka na masanduku mawili na vitenge vya mama begani. Akapiga goti kumwamkia baba yake. Babu akamwitikia, na kabla hata ya kuuliza habari za safari akasema:

"Huko kwenye shaba, asubuhi mnapanda treni kwenda mgodini?"

"Treni?" Mjomba akashangaa. "Tunatembea, baba."

Babu akacheka hadi akakohoa, akanyakua sanduku kubwa na kukataa katakata kusaidiwa.