Kubadilisha mabomba ya shaba katika gari la kulala

Gari letu la kulala liliundwa Uingereza mwaka 1981. Lina jiko, sinki, kitanda na bafu dogo, na maji yake yote yalipita katika mabomba ya shaba ya milimita 15 yaliyounganishwa kwa lehemu. Kwa miaka kadhaa niliyaonea fahari mabomba hayo, kwa kuwa yalionekana kazi ya kudumu. Mwezi uliopita, tukiwa tumeegesha Raskazone, hapa Tanga, pampu ilianza kuunguruma yenyewe usiku ilhali koki zote zilikuwa zimefungwa, na kulipokucha nikakuta ubao wa chini ya kabati la sinki umelowa.

Nilimwita fundi bomba wa Ngamiani, mzee aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana wake. Alipapasa kiungio kilichoota kutu ya kijani, kisha akaniambia, "Mwanangu, hili bomba halikuzeeka. Limechoka kutikiswa." Akatoa kipande cha waya wa shaba, akaukunja na kuukunjua pale pale mpaka ukakatika mikononi mwake. Shaba inapokunjwa mara kwa mara hukakamaa, na ikishakakamaa huvunjika. Nyumba haisogei, lakini gari linalopanda kona za kutoka Mombo kwenda Lushoto hujipinda kidogo wakati wote, na bomba gumu huupeleka mpindo huo kwenye viungio vyake. Kwetu Tanga kuna na chumvi ya bahari: metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu wa chumvi, ile iliyo dhaifu zaidi huliwa haraka, na ndivyo klipu za chuma zilivyokwisha na kuyaacha mabomba yakining'inia.

Jambo lililonikosesha usingizi, hata hivyo, ni lehemu yenyewe. Marekani ilipiga marufuku lehemu yenye risasi, metali yenye sumu, katika mabomba ya maji ya kunywa mwaka 1986, na gari langu ni la kabla ya hapo. Wanangu hunywa maji hayo. Sikuona sababu ya kuziba kiungio kimoja na kuviacha vingine.

Nilipouliza madukani, nilionyeshwa kwanza bomba gumu la plastiki, liitwalo PPR, la milimita 20, lile linalounganishwa kwa kuyeyushwa na mashine ya moto. Ni bomba zuri la nyumba, nami ninalo kwangu, lakini ndani ya gari nililikataa, kwa sababu halikunjiki: kila kona inadai kiwiko, na kila kiwiko ni viungio viwili vinavyoweza kuvuja. Nilichagua peksi, yaani polithini iliyoimarishwa, ambayo hupinda kwa mkono na kupita kutoka kwenye pampu hadi kwenye sinki bila kukatwa hata mara moja. Viungio 23 vya zamani vimekuwa 9, na vyote viko mahali ambapo mkono na tochi vinafika. Kwa maoni yangu faida yote ya kazi hii iko hapo, wala si katika bei wala wepesi wa plastiki. Anayenunua ahakikishe bomba ni la maji ya kunywa, na apime kipenyo cha nje kwa milimita, kwa kuwa bomba linaloitwa la nusu inchi dukani huenda lisiingie katika kiungio cha milimita 15.

Viungio vyangu ni vya kuchomeka, vyenye pete ya mpira ndani. Bomba hukatwa kwa mkasi wake, likatwe kwa pembe mraba, si mshazari, kwa sababu msumeno huacha makombo yanayoikwaruza pete hiyo. Kisha ndani ya ncha huingizwa kijibomba kifupi cha kuizuia isibonyee, ndipo lisukumwe mpaka mwisho na kuvutwa kidogo kuhakikisha limeshika. Kona nilizipa nafasi ya sentimita 12 au zaidi, ambayo ni mara nane ya kipenyo cha bomba, na klipu niliziweka kila sentimita 30 bila kuzikaza. Peksi hurefuka kwa joto takribani mara kumi ya shaba: mita tatu zikipata ongezeko la nyuzi 40 hurefuka kiasi cha sentimita mbili, na bomba likibanwa litasukuma viungio. Karibu na hita nimeacha nusu mita ya shaba nzima, isiyo na lehemu, kwa sababu plastiki haipaswi kugusa mahali penye moto. Popote bomba linapopita kwenye tundu la bati nimeweka mpira.

Baada ya kusafisha tangi kwa klorini na kulisuuza mara tatu, nilifunga koki zote, nikaiwasha pampu na kuweka karatasi kavu chini ya kila kiungio. Pampu ilinyamaza hadi asubuhi. Siku iliyofuata tulikwenda Pangani na kurudi. Karatasi nane zilikuwa kavu, na moja, ile ya karibu na pampu, ilikuwa na doa la maji. Nilichomoa bomba nikakuta nimesahau kijibomba cha ndani. Nilikiweka, nikabadilisha pete, na tangu hapo tumekwishafika Lushoto bila tone kuanguka.