Maboksi ya SDH, wiki ya tatu: nani anaumwa hapa?

Haya wakuu nimerudi. Kwa waliosahau, nina maboksi mawili ya zamani ya SDH (mitambo ya kampuni za simu ya kupitisha laini nyingi kwenye faiba moja) niliyoyanunua kwa muuza skrepa hapa Dodoma, yale ya STM-1, yaani ngazi ya chini ya kasi ya SDH, yanabeba laini 63 za E1 (laini za kidijitali za megabiti 2 kila moja), nimeyafunga chumba cha uani kwetu Nkuhungu nijifunze alamu. Umeme ulishakaa sawa wiki iliyopita, betri nne za volti 12 zimefuatana, chanya inaenda ardhini ndo maana wanaita -48, hapo sina jipya.

Jumamosi nikaunganisha faiba, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Boksi A taa nyekundu, LOS, yaani halioni mwanga kabisa. Nimehangaika siku mbili, nimebadilisha kadi, nimebakiza kidogo tu nimrudishie jamaa wa skrepa mzigo wake na maneno juu, kumbe ncha ya faiba ina vumbi! Mnaoijua Dodoma ya mwezi wa tisa na upepo wake mtanielewa. Spiriti kidogo, kitambaa laini, LOS ikaondoka. Na usije ukachungulia ile ncha ikiwa na leza, mwanga wake huuoni ila jicho linaungua.

Ikaja nyingine, makosa ya data yanamiminika. Hapa ujinga ni wangu, kadi zangu ni za masafa marefu, leza inatoa kati ya dBm 0 na -5 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mwanga), risiva haitaki zaidi ya -10, halafu mimi nimeweka faiba ya mita mbili, mwanga unafika mkali kupita kiasi. Bahati risiva haikufa. Nikatia atenueta, yaani kipunguza mwanga, ya dB 10, makosa kimya.

Sasa utamu. Nikachomoa faiba moja makusudi, ya kupokelea kwenye A. A likalia LOS, sawa, lakini B ambalo hata sijaligusa nalo likaanza kulia, RDI. Dogo akaniuliza, "Kaka, na hili nalo limekufa?" Halijafa, hiyo RDI ni A linamwambia mwenzake "mimi sikupati", kwa hiyo anayelalamika ni B ila shida iko njia ya kutoka B kwenda A: leza ya B, faiba yenyewe, au risiva ya A. Nikachomeka tesita ya E1 ya kuazima kwenye A nikakuta AIS, yaani biti za 1 tupu zimejipanga, hiyo A linawaambia walioko mbele kwamba tatizo liko huku nyuma, nyie msihangaike. Faiba moja tu asee, na kila mtu analia kivyake, halafu fundi mgeni anaenda kufungua kifaa kizima.

Jana nimetoka dukani nakuta A linalia RDI. Sikuligusa, nikaenda moja kwa moja kwenye B, faiba ya kupokelea inaning'inia na dogo anacheka mlangoni. Tulikuwa tumewekeana soda, kanilipa.