Mbavu za mbuzi kabla ya kifua cha mtu

Kozi ya ATLS, inayowafundisha madaktari kuhudumia majeruhi, ilianza Nebraska, Marekani, mwaka 1978, miaka miwili baada ya daktari wa upasuaji James Styner kuanguka na ndege yake, mkewe akafariki, na watoto wake wakapata huduma ambayo aliiona duni kuliko ile aliyoweza kuwapa mwenyewe pale shambani.

Mihadhara ya kozi hii ina manufaa, lakini mimi huthamini zaidi meza ya vitendo. Tunaweka ubavu wa mbuzi kutoka buchani (mchinjaji wetu ameshazoea maswali), na daktari chipukizi anajifunza kuweka mrija wa kifuani, ule wa kutoa hewa au damu iliyozingira pafu: anapasua ngozi, kisha anapitisha koleo kwenye ukingo wa juu wa mfupa, kwa kuwa mishipa ya damu na neva hupita chini ya kila ubavu, halafu anatanguliza kidole, kama atakavyofanya kwa mgonjwa ili kuhakikisha kwamba pafu halijagandamana na ukuta wa kifua. Mwanasesere wa mafunzo wa bei ghali hupumua na kutoa mapigo ya moyo. Hata hivyo, kwa maoni yangu, hafundishi vizuri kiasi cha nguvu kinachohitajika kutoboa misuli ile bila kuzama ndani kupita kiasi.