Kilemba

Jirani anachoma korosho. Si zile za paketi, hizi na maganda yake: moshi mweusi, mafuta yanachuruzika na kuwaka. Nimefunga dirisha, lakini nimechelewa. Nimeshafika Newala, mwaka 2008, uani kwa Mama Mkubwa.

Alikuwa ametokwa na vipele vyekundu juu ya vifundo vya vidole. Nani angeshangaa? Mbangua korosho gani hana mikono iliyoungua kwa mafuta ya maganda, hata akijipaka majivu? Kope zilipogeuka zambarau tukasema kajifikicha macho na mikono ileile. Majibu tulikuwa nayo tele.

Alfajiri moja nilimkuta mkekani, kilemba kiko mapajani. Akainua mkono wa kulia. Ukafika kifuani, ukagoma. Akakishika kiwiko kwa mkono wa kushoto, akakisukuma juu kama fundi anayepandisha boriti. Ukafika sikioni, ukaanguka. Akarudia. Hakulia wala kuguna. Aliutazama tu mkono ule kama wa mtu mwingine. Kisha akaniona.

"Mwanangu, nifungie."

"Mama Mkubwa nawe! Utani asubuhi yote hii?"

Nikapita. Nilikuwa darasa la sita, na kuchelewa namba kulikuwa na viboko vyake.

Wiki hiyohiyo maji aliyokunywa yakamtokea puani. Mjomba akasema basi. Zahanati ya kwanza walitupa dawa ya fangasi, ya pili losheni. Dar es Salaam ndiko daktari alikomwambia asimame kitini bila kujishika, akashindwa. Dematomaiosaitisi. Mjomba aliliandika kiganjani. Kinga ya mwili inawageukia wenyeji wake: ngozi, misuli, hata ile ya kumezea, na wengine huwafika mapafuni. Wakamtafutia na saratani, maana kwa watu wazima wakati mwingine hufuatana. Hawakuiona. Akaanzishiwa prednisoloni, dawa ya kuituliza kinga hiyo, uso ukaumuka kama andazi, na majirani wakampongeza kwa kunenepa.

Nguvu zilirudi polepole, si zote.

Yeye mpaka leo anasema ni korosho. Nimemweleza mara ngapi! Safari ya mwisho aliniacha nimalize hotuba yangu yote ya kinga na misuli, ndipo akasema, "Haya, msomi. Lete hicho kilemba."

Nikamfungia. Anajua kujifungia, nimeshamwona.