Gitaa jipya la dukani: nilivyolirekebisha hadi likapigika

Gitaa jipya karibu kila mara linataka kurekebishwa. Viwandani huacha nyuzi juu kwa makusudi: uzi ulio juu haukwaruzi freti (vile vijiti vya chuma vilivyopachikwa kukatisha shingo, vinavyohesabiwa kuanzia kichwani), na kilicho juu kinaweza kushushwa, ila kilichokatwa kupita kiasi hakirudi. Ninayoyaeleza hapa niliyafanya kwenye gitaa la nyuzi za chuma la bei ya kawaida, lenye urefu wa uzi wa milimita 648. Kwenye freti ya 12 uzi wa sita (ule mnene) ulikuwa mm 3.4 juu ya freti, na wa kwanza mm 2.6. Nilitaka mm 2.4 na mm 1.8.

Vifaa si vingi: rula ya chuma yenye alama za nusu milimita, kapo (kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni), spana ya L ya pembe sita (mara nyingi mm 4 au 5), msasa namba 120 na 240, kipande cha kioo bapa, na vile vibao vyembamba vya chuma ambavyo mafundi pikipiki hupimia mwanya wa valvu. Vibao hivyo vinapatikana duka lolote la vipuri, na hupima hadi sehemu za mia za milimita.

Kwanza, nyuzi. Zilizokuja na gitaa mara nyingi zimeshashika kutu ukutani mwa duka, na uzi mbovu hudanganya sauti hata kama gitaa ni zima. Nilifunga seti ya 12 (uzi wa kwanza inchi .012, wa sita .053), nikatyuni sawasawa, nikaliacha hadi kesho yake. Seti kama hii huvuta shingo kwa zaidi ya kilo 70, kwa hiyo kupima nyuzi zikiwa zimelegea ni kujisumbua bure. Ukibadilisha unene wa nyuzi baadaye, vipimo vyote vinaanza upya.

Pili, shingo. Funga kapo freti ya 1, bonyeza uzi wa sita pale shingo inapokutana na sanduku, kisha pima mwanya kwenye freti ya 7. Unaofaa ni mm 0.15 hadi 0.25, wangu ulikuwa 0.5, yaani shingo imepinda mbele. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma, na tundu la spana huwa ndani ya sanduku au chini ya kifuniko kidogo kichwani. Kuzungusha kwa mwendo wa saa hunyoosha shingo. Zungusha sehemu ya nane ya mzunguko, tyuni tena, pima tena. Ikigoma, acha, mpelekee fundi. Fimbo ikikatika, gharama yake inaweza kupita bei ya gitaa.

Wengi hukosea hapa: huitumia fimbo hiyo kushusha nyuzi. Kazi yake ni mpindo tu. Shingo ilipofika 0.2, nyuzi zilishuka kidogo mno kwenye freti ya 12, kama mm 0.2 hivi.

Tatu, kizingiti cha juu, kile kipande cheupe chenye mifereji karibu na kichwa. Hapa ndipo mwanzilishi anapoumia vidole kwenye kodi (nyuzi kadhaa zinazopigwa pamoja) ya F na kudhani tatizo ni mkono wake. Bonyeza uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, kisha tazama mwanya uliobaki juu ya freti ya 1: unatakiwa kuwa unene wa karatasi, si zaidi. Ukiwa mkubwa, uzi hunyooshwa sana unapobonyezwa, na ndiyo maana F husikika imepanda kupita tyuni yake wakati nyuzi wazi ziko sawa. Tupa maalumu za kazi hii ni ghali. Mimi nilitumia viwaya vyenye meno vya kusafishia tundu la tochi ya gesi, vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya kuchomelea. Chagua kiwaya kinachozidi uzi kidogo sana, kiinamishe kuelekea kichwani, piga mikwaruzo michache, rudisha uzi, pima. Ukizidisha, uzi ukiwa wazi utakwaruza freti ya 1. Dawa yake ni kujaza mfereji unga wa magadi ya kuokea, kudondoshea tone la gundi kali, na kuchonga upya. Kusugua mfereji kwa penseli huondoa ule mlio wa “ti!” wakati wa kutyuni.

Nne, kizingiti cha chini, kile kipande chembamba kinachobeba nyuzi kwenye daraja (ubao uliobandikwa juu ya sanduku, zinakofungwa nyuzi). Kanuni ni moja: unachotaka kishuke kwenye freti ya 12, kiondoe mara mbili chini ya kizingiti. Baada ya kunyoosha shingo na kuchonga kizingiti cha juu, nilikuwa nimebakiza mm 0.6 upande mnene na 0.5 upande mwembamba, hivyo niliondoa mm 1.2 na 1.0. Chora mstari kwa penseli, weka msasa juu ya kioo, sugua upande wa chini ukiwa wima kabisa. Chini ikiwa na mviringo, sauti ya uzi mmoja au miwili hufifia. Hakikisha zinabaki angalau mm 2 juu ya daraja.

Baada ya hapo sikiliza. Mkwaruzo freti za 1 hadi 4: shingo imenyooka mno, legeza. Mkwaruzo kuanzia 12 kwenda juu, wanakochezea sana wapiga sebene: umeshusha mno kizingiti cha chini. Sehemu moja tu: kuna freti iliyoinuka, ukisimamisha ukingo wa kadi ya benki juu ya freti tatu, kadi itayumba.

Dar, Mombasa na Zanzibar unyevu huvimbisha ubao wa juu na kupandisha nyuzi. Kiangazi cha Dodoma hufanya kinyume, na ncha za freti huanza kukwaruza kiganja. Pima tena majira yakibadilika.

Magitaa ya nyuzi za nailoni ni habari nyingine: mm 4 na 3 kwenye freti ya 12 ni kawaida, na mengi hayana fimbo shingoni. Usiyafunge nyuzi za chuma, daraja litang’oka.