Nilivyowaonyesha wanafunzi kwa nini kabonati ya bariamu haitishwi na moto

Nafundisha kemia kidato cha tano na cha sita upande wa Malaba, na kila mwaka swali ni lile lile: "Mwalimu, bariamu si ndiyo kali kuliko magnesiamu? Mbona kabonati yake ndiyo ngumu kuvunjika?" Wengi wao hukariri tu kwamba uthabiti huongezeka tukishuka kundi la pili la jedwali la elementi (beriliamu, magnesiamu, kalsiamu, strontiamu, bariamu), wakaandika kwenye mtihani, basi.

Safari hii nilitaka waone kwanza. Maabara yetu ina taa za spiriti tu. Tulichoma unga wa kabonati ya magnesiamu kwenye neli, gesi yake tukaipitisha kwenye maji ya chokaa, yakawa meupe kama maziwa, ishara ya kaboni dayoksaidi. Unga wa jiwe la chokaa, yaani kabonati ya kalsiamu, kwa moto ule ule: kimya. (Chaki ya ubaoni msitumie. Nyingi ni jasi, yaani salfeti ya kalsiamu, itawapotosha.) Mawe yenyewe tukayapeleka kwa mhunzi jirani. Akavuta mivuo mpaka yakang'aa rangi ya chungwa, akayaacha humo muda mrefu. Yalipopoa nikayadondoshea maji: yakafoka mvuke, yakapasuka, yakabomoka kuwa unga, na karatasi ya litimasi nyekundu ikageuka buluu, ishara kwamba kabonati imevunjika ikabaki oksaidi ya kalsiamu. Kwa nini tanuri za saruji kule Tororo zinakula moto kiasi kile, hakuna aliyeuliza tena. Saruji huanzia kwenye jiwe la chokaa, na kabonati ya kalsiamu inadai nyuzi 900 hivi za Selsiasi ili ivunjike.

Ndipo nikaandika ubaoni nusu kipenyo cha ioni (atomu iliyokwisha kutoa elektroni) kwa pikomita, kuanzia magnesiamu hadi bariamu: 72, 100, 118, 135. Chaji ni ile ile, mbili chanya. Ioni ndogo imeibana chaji hiyo mahali padogo, kwa hiyo inavuta elektroni za kabonati upande wake kwa nguvu, kifungo cha kaboni na oksijeni kinalegea, kaboni dayoksaidi inaponyoka. Tena oksaidi inayobaki hushikamana sana. Na ule ukali wa bariamu? Huo ni wa atomu inayotoa elektroni. Ndani ya kabonati zilishatoka kitambo.

Ya bariamu hatukuichoma: inataka zaidi ya nyuzi 1300, na ni sumu. Naitreti za kundi hili hufuata mkondo huo huo, ila moshi wake wa kahawia ni hatari, nilichoma kidogo tu nje.

Msichana mmoja wa nyuma akauliza, "Basi ya beriliamu si itavunjika hata bila moto?" Karibu ni hivyo: kuihifadhi kunahitaji kuizungushia kaboni dayoksaidi.